Amplifaya tatu ndogo zimenifia ndani ya miezi 18: ubovu ni wa mashine au wa nyumba yangu?

Binti_Chumbageni (Tanga)

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote.

Naomba msaada wa mafundi, na wa wasikilizaji wenye uzoefu na zile amplifaya ndogo za nyumbani, za ukubwa wa kitabu, zinazotumia adapta ya nje badala ya transfoma ya ndani. Ndani ya miezi 18 zimenifia tatu, za watengenezaji watatu tofauti, na sitaki kununua ya nne kabla sijaelewa kilichoziua hizi.

Marehemu baba alikuwa na amplifaya kubwa ya miaka ya 1980, ambayo mtu mmoja huibeba kwa taabu, na ilifanya kazi sebuleni kwetu kwa zaidi ya miaka 20. Ilipogoma kabisa niliambiwa vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi, nami nikaona ninunue ndogo ya kisasa. Spika ni zile zile za baba, nyuma zimeandikwa ohmu 8, na nyaya zake zimepitishwa ndani ya ukuta tangu nyumba ilipokarabatiwa, zikatokea kwenye kibao cha plastiki nyuma ya kabati. Ninachosikiliza zaidi ni kanda za taarabu za zamani, za Black Star na Lucky Star za hapa hapa Tanga, ambazo nazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine kabla utepe haujaharibika. Kwa hiyo mashine huwaka saa nyingi, pengine saa nane kwa siku.

Ya kwanza ilikuwa na chipu ya TPA3116 na adapta ya volti 19. Imeandikwa wati 100 kwa kila spika. Ilidumu miezi mitano. Usiku mmoja umeme ulikatika, uliporudi haikuwaka tena, wala taa yake ya mbele haikuonyesha dalili yoyote.

Ya pili ilianza kukwaruza kila nilipogusa kitufe cha sauti, halafu spika ya kulia ikawa inapotea na kurudi nikitikisa waya wa deki, na mwishowe ikapotea moja kwa moja.

Ya tatu, ya volti 24, ndiyo inayoninyima usingizi. Kanda zangu za zamani ilizipiga bila shida yoyote. Lakini kila mdogo wangu alipoweka muziki wake mpya, kwa sauti ile ile, ilikata, ikanyamaza kitambo kidogo, ikarudi, ikakata tena. Nikirudisha kanda, inatulia. Tuliendelea hivyo wiki tatu hivi, na kisha chaneli ya kushoto ikafa kabisa.

Mashine hukaa ndani ya kabati yenye mlango wa kioo kwa sababu ya vumbi. Nyumba haiko mbali na bahari, na jeki za nyuma hufanya kutu ya kijani baada ya miezi michache. Umeme nimeupima kwa mita ya kuazima: saa mbili usiku ulikuwa volti 187, na usiku wa manane ulifika 251. Je, hizi mashine ndogo ndivyo zilivyo, za kutumia na kutupa, na heri nirudi kwenye zile nzito za transfoma? Au kuna jambo ninalolifanya vibaya mimi mwenyewe?

---

Fundi_wa_Majengo (Mombasa)

Waalaikum salaam mwanangu, na pole kwa hasara. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaoniwekea mashine mezani na kuniambia tu kwamba "imekufa", na maelezo yako yenyewe yamebeba nusu ya jibu. Kwanza kabisa usitupe hata moja kati ya hizo tatu.

Nianze na ya tatu, maana ndiyo yenye kisa. Mashine inayopiga kanda za zamani bila tabu na kukata inapopewa muziki mpya kwa sauti ile ile mara nyingi haina tatizo la stima, wala la joto. Kanda zako za taarabu zilirekodiwa kwa mono, yaani spika ya kushoto na ya kulia zinapokea kitu kimoja. Muziki wa sasa unapeleka kitu tofauti kila upande. Jiulize basi: ni kosa gani linalojificha pande mbili zinapofanana, na kujitokeza zinapotofautiana? Mimi nalijua moja tu, nalo ni nyaya hasi za spika mbili kuunganishwa pamoja mahali fulani.

Kwenye amplifaya ya marehemu baba, waya hasi wa kila spika ulikuwa ni ethi tu, kama mwili wa mashine, na kuziunganisha hasi mbili hakukuwa na madhara yoyote. Mafundi wa zamani walifanya hivyo mara nyingi ili kuokoa waya: walipitisha waya wenye nyuzi tatu, moja ya kushoto, moja ya kulia, na moja ya kurudia ya wote wawili. Hizi ndogo za kisasa zimejengwa kwa njia nyingine. Kila chaneli ina milango miwili ya kutokea, na yote miwili inasukuma. Mmoja unapopanda, mwenzake unashuka, na spika imekaa katikati ikivutwa huku na huku. Ndiyo njia ya kupata nguvu kubwa kutoka kwa volti chache. Ukiwa na adapta ya volti 24, mashine ikiwa kimya, kila waya wa spika ukiupima dhidi ya ethi utakuta takriban volti 12, ule mweusi sawa na ule mwekundu. Kwa hiyo hiyo "hasi" iliyoandikwa nyuma ya mashine si ethi hata kidogo. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, umeunganisha mabomba mawili ya pampu mbili. Zikisukuma sawasawa hakuna kitu kitapita baina yao. Zikitofautiana, moja inasukuma ndani ya nyingine, na katikati yake hakuna kizuizi isipokuwa koili mbili ndogo ambazo kwa sauti za muziki ni sawa na kipande cha waya. Hiyo ni shoti. Chipu kama TPA3116 ina kinga yake, inakata yenyewe, na watengenezaji wengi huifunga ili ijaribu tena baada ya muda mfupi. Ndiko kukata na kurudi unakokueleza. Lakini kinga iliwekwa kwa ajali ya mara moja. Kuitegemea kila jioni kwa wiki tatu ni kuichosha chipu hadi mlango mmoja uungue.

Nakuomba upime hivi. Chomoa nyaya zote nne za spika kutoka kwenye amplifaya. Weka mita kwenye ohmu. Baina ya nyekundu na nyeusi ya spika moja utapata kama ohmu 6, kwa kuwa spika ya ohmu 8 husoma pungufu kidogo kwa mita. Halafu gusa nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri, au ikilia, umempata muuaji.

Ya kwanza, iliyozimika baada ya stima kurudi, huenda ni nzima. Katika kazi yangu, mashine za aina hiyo zinazoletwa kwangu bila taa wala sauti, mara nyingi kilichokufa ni adapta. Pima volti kwenye ncha ya adapta, kisha jaribu amplifaya kwa adapta nyingine ya volti zile zile, yenye chanya katikati ikiwa ndivyo ilivyochorwa. Usiifungue adapta wewe mwenyewe. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi zaidi ya volti 320 hata baada ya kuchomolewa, nami nimeona kijana wa kazi akirushwa nayo.

Kabati ya kioo nayo uifungue. Kapasita za bei rahisi zimeandikwa nyuzi joto 85 na huahidiwa saa 1,000 tu kwenye joto hilo; kanuni tunayoifuata mafundi ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10 umri wake huwa maradufu. Ndani ya kabati iliyofungwa, kapasita iliyo karibu na chipu kufika nyuzi 65 si ajabu kwa hali ya hewa ya kwetu. Hesabu: saa 4,000. Kwa saa zako nane kwa siku, hizo ni siku 500. Kapasita ya nyuzi 105 iliyoahidiwa saa 2,000, mahali hapo hapo, inakupa saa 32,000, yaani karibu miaka 11. Tofauti ya bei baina ya hizo mbili ni ya kikombe cha chai, na hapo ndipo baadhi ya watengenezaji wanapobana. Nikifungua kisanduku kipya, kitu cha kwanza ninachokisoma ni maandishi ya kapasita, kabla hata ya kutazama chipu.

Kuhusu wati 100, usisumbuke nazo. Zidisha volti za adapta zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa mara mbili ya ohmu za spika, na hicho ndicho kikomo. Volti 19 kwenye ohmu 8 ni wati 22 na ushei. Zinatosha sebule, ila asiyejua hufungulia hadi mwisho akizitafuta zile 100, na sauti inayokatwa vichwa kwa kupita kikomo hicho ndiyo inayounguza spika ndogo za juu.

---

Ziwani_Mwanza

Dada yangu, pole sana. Fundi ameshasema la msingi. Mimi naongeza mambo mawili niliyoyalipia kwa fedha yangu mwenyewe, ili wengine wasiyarudie.

La kwanza ni adapta. Nilikuwa na amplifaya ndogo ya volti 12 yenye chipu ya Tripath, kampuni ya California iliyofilisika mwaka 2007 lakini chipu zake zikaendelea kuuzwa miaka mingi baadaye kwa sababu ya utamu wa sauti. Adapta yake ilipokufa nilichukua chaja ya kompyuta ya mpakato ya volti 19, ncha yake ikaingia barabara, nikaona nimepata. Chipu ile, TA2020, kikomo chake cha mwisho ni volti 16. Ilipiga kwa muda usiofika hata nusu ya wimbo, ukatoka uzi mwembamba wa moshi kwenye tundu la pembeni, na harufu yake ilikaa chumbani hadi asubuhi. Ncha kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba volti zinafaa. Kwa mashine ya TPA3116, ambayo hufanya kazi hadi volti 26, chaja hiyo hiyo ingekuwa salama kabisa, kwa hiyo lazima mtu ajue chipu iliyomo ndani kabla ya kuazima adapta ya jirani.

La pili ni juu ya hizo volti 251 za usiku, ambazo huku kwetu nazijua vizuri. Wengi wetu hatuna hizi amplifaya za adapta, tuna sabufa, na sabufa nyingi zinatumia chipu ya TDA2030 pamoja na transfoma ya volti 12 kila upande. Volti 12 za transfoma zikishapita kwenye daiodi na kapasita zinakuwa kama 17, na kikomo cha TDA2030 ni 18 kila upande. Hapo tayari umeme ukiwa wa kawaida, wa 230, umebakiwa na volti moja tu ya usalama. Umeme ukipanda hadi 251, zile 17 zinakuwa 18 na nusu. Sabufa yangu iliua chipu tatu kwa mwaka mmoja, kila mara usiku, na nilimlaumu fundi bure. Safari ya nne tuliweka TDA2030A, ambayo kwa sura ni ile ile lakini inavumilia hadi 22, na tangu hapo imetulia. Tahadhari moja kwa atakayejaribu: mgongo wa bati wa chipu hiyo umeunganishwa na upande hasi wa umeme wake, kwa hiyo ule ukaratasi wa maika ulio baina ya chipu na kipozajoto usisahauliwe wakati wa kurudishia. Jambo jingine, chipu za kughushi ni nyingi. Nilizowahi kuuziwa mara ya pili, maandishi yake yalifutika kwa pamba yenye asetoni.

Na sabufa ikianza kuunguruma mfululizo huku spika kubwa ikiwa imesukumwa nje na kuganda, ichomoe ukutani hapo hapo. Chipu imeshakufa na inamwaga umeme mnyoofu kwenye koili ya spika. Ukichelewa, utanunua na spika.

---

Binti_Chumbageni (Tanga)

Shikamoo mzee wangu wa Majengo, na ahsante kaka wa Mwanza. Nimepima leo mchana, na mikono bado inanitetemeka kidogo kwa jinsi maelezo yalivyolingana na nilichokikuta.

Spika ya kushoto: ohmu 6.2. Ya kulia: 6.1. Nyeusi kwa nyeusi: 0.4, na mita ikalia. Nikafungua kile kibao cha plastiki cha ukutani. Kwa nje kina matundu manne, mawili kwa kila spika, na ndiyo maana sikuwahi kuwa na shaka. Kwa ndani kuna waya mmoja tu mweupe mnene, ule ule unaotumika kwa pasi na majiko ya umeme, wenye nyuzi tatu. Wa kahawia umekwenda tundu la kushoto, wa buluu tundu la kulia, na ule wa kijani na manjano umeshikwa kwenye tundu moja jeusi na kuvushwa kwa kipande kifupi cha waya hadi tundu jeusi la pili. Kipande hicho kimezungushiwa utepe mweusi ambao gundi yake imeshageuka kuwa masizi. Baba aliweka kwa nia njema, na kwa mashine yake ilikuwa sahihi kwa miaka yote ile. Mimi nimekuja kuchomeka humo mashine tatu.

Adapta ya ile ya kwanza haitulii: mita inaonyesha 3, inapanda hadi 7, inaanguka, na ukiiweka sikioni kuna mlio mdogo wa tik, tik, tik. Sikuifungua, mzee wangu, nimekutii. Niliazima chaja ya kompyuta ya volti 19 ya shemeji baada ya kusoma chipu vizuri, nikaweka spika moja moja kwa waya mfupi, nje ya ukuta. Amplifaya imewaka. Chaneli zote mbili zinapiga. Ilikaa kwenye droo zaidi ya mwaka mzima, nami nikaihesabu kuwa maiti.

Nina maswali matatu. Mbona hiyo ya kwanza haikufa kwa shoti ya ukutani kama ya tatu, wakati nayo ilitumia kibao hicho hicho kwa miezi mitano? Je, naweza kuendelea na waya wa ukutani kwa namna yoyote, au niuache kabisa? Na umeme unaokatika na kurudi nifanye nini nao, maana adapta hiyo ilikufa umeme uliporudi?

---

Fundi_wa_Majengo (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Kazi nzuri. Kile kibao ndicho kilichonifanya niulize, maana nimevikuta vya namna hiyo Mombasa, na hata nyumba moja ya Malindi.

Ya kwanza iliokolewa na taarabu. Miezi ile mitano ulipiga kanda za mono peke yake, mdogo wako hajaanza kuweka muziki wake, basi milango miwili ile ilisukuma sawasawa na hapakupita kitu cha maana baina yake. Hata hivyo kidogo kilipita, maana pande mbili hazilingani kabisa kabisa, na kidogo hicho ni joto la bure. Ukipata nafasi, ifungue uangalie kipozajoto kama bado kimeshikamana na chipu. Chipu ya TPA3116 hutoa joto lake kwa juu, kwa mgongo, na vingi katika visanduku nilivyovifungua vimebandikwa kile kipande cha aluminiamu kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Baada ya mwaka mmoja wa joto utepe hulegea, na kipande hubaki kimeegemea tu. Ukikisukuma kwa kidole kikacheza, kitoe, safisha kwa spiriti, paka dawa nyeupe ya kupitishia joto, na ukifunge kwa skrubu au kwa kibanio. Nazungumzia kazi ya nusu saa.

Waya wa ukutani uache. Mtu anaweza kufikiria kutumia nyuzi mbili kwa spika moja na kumwachia mwenzake ule mmoja, lakini hazitoshi. Spika mbili zataka nyuzi nne. Pitisha nyaya mbili mpya za nyuzi mbili mbili chini ya ukuta, unene wa milimita mraba 1.5. Hata kama kila upande ni mita 9, waya wa kwenda na kurudi unaongeza ohmu 0.2 tu, na hutazisikia. Kisha kile kibao kitoe chote, asije mgeni siku moja akachomeka tena humo kwa kutojua.

Stima sasa. Hizo 251 si tishio kubwa kwa adapta iliyotengenezwa sawa, kwa sababu nzuri huundwa kuvumilia hadi 264 hata kama imeandikwa 240. Kinachoua ni dakika ile stima inaporudi: friji zote, pampu zote na feni zote za mtaa zinaamka pamoja, stima inashuka, inaruka, inashuka. Kifaa kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha stima, kinafaa kwa amplifaya vile vile kama kinavyofaa kwa friji. Nami nina desturi ya kuchomoa kabisa nikilala. Swichi ya mbele ya mashine hizi huzima amplifaya tu; adapta hubaki inafanya kazi usiku kucha, kapasita zake zikila umri wake bila faida.

Adapta yako inayotoa mlio wa tik inajaribu kuwaka na kushindwa. Ukimpa fundi aliye karibu aifungue, atakuta kapasita ya upande wa kutokea imevimba kichwa kama andazi. Mwambie aweke ya nyuzi 105, na volti zake zisipungue 25.

Ya pili, iliyokuwa ikikwaruza, ni ya chumvi ya bahari na ya lehemu. Spika iliyopotea na kurudi kwa kutikisa waya inaonyesha miguu ya jeki imepasuka pale ilipolehemiwa kwenye ubao. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mviringo mwembamba mweusi kuzunguka mguu. Ipashwe moto upya na kuongezwa risasi. Kitufe cha sauti kisafishwe kwa dawa ya kupulizia ya vifaa vya umeme, si kwa mafuta ya bawaba, ambayo hukusanya vumbi na kukurudisha ulipoanza.

Ya tatu usiiunganishe na spika yoyote kwa sasa. Iwashe bila spika, pima kila tundu la spika dhidi ya upande hasi wa adapta, uniletee hesabu.

---

Binti_Chumbageni (Tanga)

Mzee wangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nimalize kazi. Nyaya mpya zimepita chini ya ukuta, kibao kimetoka na tundu lake limezibwa. Amplifaya ya kwanza imerudi juu ya kabati, nje ya kioo, na leo ni wiki ya tatu. Jana nilimwambia mdogo wangu aweke muziki wake wowote kwa sauti aipendayo; ilipiga saa mbili na nusu bila kukata hata mara moja, na nilipoweka kiganja juu ya kisanduku kilikuwa na uvuguvugu tu. Kipozajoto chake kilikuwa kinacheza kweli, kama ulivyosema, nikakifunga kwa kibanio. Ya pili imelehemiwa miguu minne ya jeki na inapiga pande zote, ingawa kitufe cha sauti bado kinakwaruza kidogo kikiwa karibu na mwanzo.

Ya tatu, chaneli ya kulia: tundu zote mbili zinasoma 12.1. Ya kushoto: jeusi 23.6, jekundu 12.0.

---

Fundi_wa_Majengo (Mombasa)

Alhamdulillahi.

Hilo jeusi la 23.6 limeganda kwenye volti ya adapta, ndilo lililoungua, na ndilo lililokuwa limefungwa kwa mwenzake ukutani. Ungeweka spika hapo ungekuwa umeipa volti karibu 12 za moja kwa moja, na spika ya baba isingevumilia. Chipu ina miguu 32 midogo sana na hubadilishwa kwa mashine ya hewa moto, kwa hiyo usimpe mtu mwenye pasi ya kulehemu peke yake, atang'oa njia za shaba kwenye ubao. Kama una jamaa anayevuka Horohoro kuja huku, mpe anifikishie. Chipu ninazo, na nitabadilisha na zile kapasita mbili kubwa ubao ukiwa wazi.

---

Binti_Chumbageni (Tanga)

Binamu yangu anavuka Jumamosi. Je, nimpe ubao peke yake, au na adapta yake?

---

Fundi_wa_Majengo (Mombasa)

Vyote viwili, niipime adapta ikiwa imebeba mzigo, maana volti za adapta isiyobeba kitu hazinitoshi. Na kisanduku chake pia, nione kipozajoto kilivyofungwa. Funga ubao kwa gazeti, usiufunge kwa nailoni.